Mgeni Aliyenyimwa Moto

Asubuhi hiyo ofisi ya umoja wa wakulima haikunuka vitunguu saumu, na pale Bashay, katikati ya mavuno, hilo si jambo la kupuuza. Nje ya mlango magunia yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa madirisha. Harufu yake ilikuwa imeingia kwenye nguo za watu, kwenye chai, mpaka kwenye mito ya kulalia. Lakini Philomena alipovuka kizingiti harufu ile ikakatika ghafla, na mle ndani pakanuka jivu lililomwagiwa maji.

Philomena alikuwa msimamizi wa wachambuaji, mama mwenye sauti ya kuvuka bonde na asiyeona haya kuitumia. Akamtazama binti yake Judica, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta, akisubiri.

"Umekunywa chai?"

Judica hakujibu. Mama mtu akadhani amezama kazini. Akatoka, akagombana na wanawake wawili waliochanganya vitunguu vilivyooza na vizima, kisha akarudi kuchukua kamba. Humo ndani hakuna aliyekuwa amesema neno. Judica akageuza shingo taratibu.

"Nimekunywa, Mama."

Na nyuma ya kompyuta kitu kilikuwa kikitafuna, polepole, kama ng'ombe anayecheua. Philomena alijiambia ni feni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, imetoka Arusha, siku zile mkoa wa Manyara ungali mchanga na kila umoja ukitaka uonekane wa kisasa. Ilikuwa na mgongo mnene na uvivu wa kupitiliza. Kazi yake ilikuwa kuchapa stika zenye majina ya wakulima, moja kwa kila gunia, kwa sababu wanunuzi wa mjini walikuwa wameanza kukataa gunia lisilojulikana limetoka shamba gani. Ukibonyeza, inakutolea kile kialama cha saa ya mchanga, nawe unakaa. Wakulima wakawa wanainama nyuma ya Judica kuitazama ikifikiri, wakiibembeleza: "Haya mama, haya, jitahidi." Watu wazima na akili zao, wanabembeleza boksi!

Aliyevuka mipaka kabisa ni mwenyekiti, mzee Baltazar. Siku ya kufungua msimu kompyuta iligoma mbele ya wageni. Mzee kwa aibu akachukua pombe ya asali iliyoletwa kwa ajili ya kubariki mavuno, akaimwaga kidogo mezani, akaiombea kama wazee wanavyomwombea mtu anayehamia kijijini: karibu, hapa ni kwako, kaa nasi mpaka mavuno yaishe. Watu wakacheka na kuitikia. Kompyuta ikaanza kazi. Hakuna aliyejiuliza ni nani hasa aliyekaribishwa.

Na mpya ilikuwepo! Umoja ulikwisha kuinunua. Ilikuwa ndani ya katoni lake, stoo nyumbani kwa mwenyekiti, imefunikwa khanga ya mkewe kama mtoto mchanga. Philomena alimkuta mzee pale kwenye mizani.

"Shikamoo mwenyekiti. Ile mpya tuifungue leo."

"Marahaba, Mama Judica. Baada ya msimu."

"Msimu wa nani? Wa bondeni wakimaliza kuchimbua, wa juu ndio wanaanza. Hapa mavuno yana mwisho?"

"Kuhamisha majina ya watu tu ni kazi ya siku nzima, hapo fundi hajakosea. Magari ya mnunuzi wetu Hasani yako njiani. Na wingu lile huko juu unaliona. Vitunguu vikinyeshewa, utawaambia nini watu?"

Hapo mzee alikuwa na hoja, tusimwonee. Kitunguu saumu kikilowa kinaota ukungu, na familia nzima imekula hasara ya mwaka. Philomena akameza mate na kurudi kwenye uchambuaji. Baadaye alijilaumu sana kwa kumeza mate yale.

Maana Judica alizidi kuchelewa. Mchana mama yake alimuuliza kama kichwa kinamuuma, akajibu wakati wa ugali wa jioni, watu wote wakiwa kimya: "Hapana, hakiumi." Alitaka kushika kikombe, mkono ukabaki gotini, naye akawa anautazama, akiungoja uinuke. Uliinuka baadaye, wenyewe.

"Mwanangu, umechoka?"

Jibu lilikuja chai ikiwa imeshapoa, kwa kunong'ona. "Sijachoka, Mama. Nachelewa tu. Naona kuna mtu anapita kwanza, ndipo napita mimi."

Kesho yake Philomena alimkataza kwenda kazini. Alipotoka kukamua na kurudi, kitanda kilikuwa kitupu. Akamkuta ofisini, vidole viko juu ya vibonyezo, macho yako kwenye kioo. Akamshika mabega amnyanyue. Hakunyanyuka. Yule binti ambaye upepo wa Bashay ungeweza kumbeba alikuwa mzito kuliko gunia lililolowa, na ngozi yake ilikuwa baridi, na karibu na sikio lake, nyuma ya kile kioo, kutafuna kulikuwa kumekolea, kunameza, kunatulia kidogo, halafu kunarudisha kilichomezwa na kuanza upya.

Hasani alifika saa hiyo hiyo. Alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka Dongobesh, mwenye magari mawili na maneno mengi. Aliingia kudai stika zake, akasimama mlangoni, na maneno yote yakamwisha. Akamvuta Philomena nje.

"Shikamoo mama. Huyo binti asibaki humo."

"Marahaba. Nimeshindwa kumtoa."

"Mlimkaribisha nani humo?" Hasani alinong'ona, macho yakiwa mlangoni. "Jini haingii tu hivi hivi. Anayekaribishwa ndiye anayekaa. Na huyu anakula kungoja. Kila mkisimama pale mkamtazama na kumbembeleza, mnamlisha. Sasa amefika kwa aliye karibu."

Baltazar, jasho likimtoka na ile baridi yote, alikwenda mwenyewe kuzima jenereta. Muungurumo ulikufa. Taa ya ofisini ilizimika, mashine ya kuchapa ikazimika, na kwenye giza lile la wingu kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka, cheupe, saa ya mchanga ikiwa katikati. Hasani alisoma dua yote aliyofundishwa na marehemu babu yake. Kutafuna kukapungua. Halafu ikatoka sauti, nzito, yenye kuvuta kila neno kama mtu anayevuta gogo.

"Nilikaribishwa. Mavuno hayajaisha."

Wachambuaji waliangusha nyungo na kukimbilia barabarani, na wakulima wengi nyuma yao. Baltazar alikaa chini juu ya gunia. Philomena ndiye hakukimbia. Alikuwa anatetemeka, ni kweli, lakini kutetemeka kwenyewe kulikuwa kwa hasira, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni, na yeye hakuzaliwa wa kufa kikondoo.

"Huyo atoke," alisema.

"Tulimpa pombe ya asali, Mama Judica," mzee akanong'ona. "Mgeni wa hivyo hafukuzwi. Ni mwiko."

"Nani kasema afukuzwe? Anaingia metimani."

Vijana hawakuelewa, lakini wenye umri walielewa sana. Zamani, mtu aliyepatwa na jambo lililohesabiwa kuwa unajisi hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliachwa, na huko kutengwa ndiko metimani. Hakupewa moto, hakupewa maji, hakupita njia ya wengine, na akiita haitikiwi, mpaka wazee waseme imetosha. Msichana aliyepata mimba bila mume aliingia huko.

"Ile tuliiacha," Baltazar alisema, macho chini. "Hata padri aliikataza."

"Mliiacha mlipokwisha kunimaliza mimi."

Wote walikuwa wanajua. Philomena alikuwa msichana wa shule alipowekwa ng'ambo ya korongo kwenye kibanda cha nyasi, na tumbo la huyo huyo Judica. Mama yake mzazi alikuwa akija kuchota maji upande wa pili. Philomena alikuwa akimwita. Mama alijaza kibuyu chake, akajitwisha, akaondoka bila kugeuza shingo. Binti alijifungua peke yake, akamshika mtoto wake wa kike akiwa bado na damu, akamwapia kwamba yeye akiitwa na huyu ataitika, hata awe kaburini.

"Mnaijua kazi hii," alisema sasa, na sauti yake ilivuka bonde kweli. "Mliifanya vizuri sana kwa mtoto asiye na kosa. Sasa ifanyeni kwa mwenye kosa! Asipewe moto. Asitazamwe. Asibembelezwe. Asiitikiwe. Na katoni liletwe hapa sasa hivi."

"Na mvua ikinyesha tukiwa tunahangaika na mpya?" mzee aliuliza.

"Inyeshe! Vioze vyote! Vitunguu tutapanda vingine."

Baltazar alitazama wingu, akatazama mgongo wa Judica kupitia mlangoni. Kisha akatoa ufunguo wa stoo mfukoni na kumpa Hasani. Ni haki kusema kwamba mkono wake haukusita.

Wakavuta waya wa jenereta mbali na ofisi, mpaka kwenye meza ya mizani chini ya turubai. Hasani, aliyekuwa na mashine ya namna ile dukani kwake, akafungua katoni na kuunganisha. Wakulima wakarudi mmoja mmoja kutoka barabarani, na kila aliyefika aliipa ofisi mgongo bila kuambiwa mara mbili. Wazee waliwaonyesha vijana namna ya kusimama. Majina yakaanza kutajwa kwa mdomo na kuandikwa upya, watu wakigombania zamu kama kawaida yao, na jenereta likaunguruma kwa ajili ya mgeni mwingine.

Philomena alikaa kwenye kizingiti, mgongo ndani, uso nje. Mvua ikaanza.

Kwanza zilikuja hasira: meza ilikwaruza sakafu, dirisha likagonga, na ile harufu ya jivu bichi ikamjaa puani mpaka akatapika pembeni ya mlango. Hakugeuka. Kisha kukawa kimya cha muda mrefu, na katika kimya hicho, nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, ikatoka sauti ya Judica, na haikuwa ile sauti ya kuchelewa ya siku hizi bali ile ya zamani, nyepesi, yenye haraka, ya mtoto anayerudi shule na njaa.

"Mama. Nipe maji."

Philomena aliuma upindo wa khanga.

"Mama, huku kuna giza. Sikuombi kitu. Niitikie tu."

Vidole vyake vilichimba udongo wa kizingiti, na korongo lile likamrudia lote, maji yake, mawe yake, mgongo wa mama yake ukipanda mlima na kibuyu, na akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mgongo ule ulikuwa unatetemeka, na kwamba yeye miaka yote hiyo alikuwa ameuona mgongo tu na hakuuona uso, na bado hakumsamehe, na bado hakugeuka, na machozi yalimtiririka mpaka shingoni huku kile kilichokuwa nyuma yake kikivuta pumzi kwa mara ya mwisho.

"Mama. Hata wewe?"

Hakuitika.

Kutafuna kukakoma. Kioo kilizimika, aliona mwanga wake ukiondoka juu ya maji yaliyotuama mbele ya miguu yake, na kitu kikampita ubavuni kwenda nje, cha baridi, cha polepole, kikashuka na mvua kuelekea bondeni bila kuagwa na mtu. Nyuma yake mwili ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

Ndipo alipogeuka. Akamnyanyua mwanawe, naye alikuwa mwepesi kama alivyozoea kuwa. Akamtoa mpaka chini ya turubai, kati ya magunia, ambako watu walianza kulia na kucheka na kugombea nani alete blanketi.

"Judica!"

"Abee, Mama."

Lilikuja hapo hapo, kabla hata jina halijatoka lote mdomoni. Philomena akamkumbatia mpaka akakohoa. Hasani alisema Alhamdulilahi. Mzee Baltazar alivua kofia na kusimama kwenye mvua bila kofia.

Watu walipopungua, Judica akamsogelea mama yake sikioni.

"Yule aliyekuita hakuwa jini. Nilikuwa mimi. Lilinisukuma mpaka mlangoni, likaniambia mwite mama yako, akikuitikia tu, tunakaa wote."

"Nilikusikia," Philomena alisema.

"Ulidhani ni lenyewe?"

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hapana. Nilijua ni wewe, tangu mara ya kwanza."

Judica alinyamaza. Safari hii hakuwa amechelewa. Alikuwa anamtazama mama yake usoni, jibu analo, na hakutaka kulitoa.