Wimbo wa Ndani Ukurasa wa Sitini na Mbili

Wiki ya mitihani, pale Maili Moja, Kibaha, mtu wa steshenari humgusi. Walimu wamejipanga mpaka nje juani, mashine ya fotokopi inatafuna karatasi, na mwenye duka, Mama Elinipa, anafoka utadhani yeye ndiye anayechapa. Tunu, mchapaji wake, alikuwa ndani ya dera la njano lenye maua meusi, mtandio umeteleza shingoni kwa joto, vidole vinamuuma. Ndipo mtu akamtupia kaunta-buku tatu juu ya meza.

"Dada, naomba unichapie hizi."

"Zote?"

"Zote. Ni riwaya."

Tunu akafungua ya juu, akaigeuza huku na huku.

"Kaka yangu, hapa ulikuwa unaandika au ulikuwa unakimbizwa na mbwa?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, na hapo ndipo Tunu aliponaswa, maana si wanaume wengi wanaotaniwa mbele za watu wasinune. Alikuwa na shati la drafti lililokunjwa mikono na viatu vilivyojaa vumbi jekundu la Kisarawe. Jina lake Zubeir, mwalimu wa kujitolea huko Maneromango. Kufundisha alifundisha, lakini roho yake ilikuwa kwenye kuzichukua zile hadithi za kale za majumba na mabinti wa wafalme, azigeuze riwaya za kusomwa na vijana wa huku kwetu.

"Hii ni ya yule binti mwenye nywele ndefu aliyefungiwa mnarani," akaeleza. "Ila sisi minara tutaitoa wapi? Wangu nimempeleka Vihingo kwa bibi yake. Ni mwali, amewekwa ndani afundwe."

Tunu akaacha kuchapa. Kwao ni Vihingo, na yeye mwenyewe aliwekwa ndani.

"Na huyu mwali wako siku ya pili tu yuko dirishani anapiga soga na mvulana?"

"Ndiyo."

"Bibi yake yuko wapi?"

"Shambani."

"Kaka, hujui kitu wewe."

Wakaanzia hapo. Kila Jumamosi Zubeir alikuwa na sababu ya kuja Kibaha, na asubuhi kabla duka halijafunguliwa simu ilishalia.

"Malkia wa kibodi, umeamka?"

"Nimeamshwa. Unataka nini?"

"Mwali anakula na nani?"

"Zubeir! Hata habari za asubuhi huniulizi?"

"Habari za asubuhi, mpenzi. Anakula na nani?"

Tunu alimjibu yale ambayo kila mtu anayajua: kwamba mwali haonwi na wanaume, kwamba akitoka ngozi inang'aa kama amezaliwa upya. Angeishia hapo leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Jumamosi moja wamekaa nyuma ya duka wanakula mihogo ya kukaanga, Zubeir akamwambia wazee wake wanakuja kuposa. Tunu furaha ikampanda kichwani. Akasogea karibu, akamwimbia kwa sauti ya chini wimbo aliofundishwa na somo yake, Bibi Kidawa aliyemfunda, siku zile za ndani. Wimbo huo ni wa wanawake peke yao, haujawahi kuvuka mlango. Wenyewe hapa hauandikwi. Hapo ndipo mtu unatamani ungekuwa karibu umzabe huyu mtoto kofi moja la mdomo.

"Usimwambie mtu," Tunu akasema.

"Nimwambie nani mimi?"

Na kweli hakumwambia mtu. Aliandika.

Mchapishaji wa Dar alikuwa amemrudishia sura ya mwali kuwekwa ndani, eti imepoa. Zubeir akaiandika upya kwenye simu yake palepale Maneromango, akaituma bila kupitia kwa Tunu. Posa ikapokelewa, harusi ikapangwa, kitabu kikatoka, na watu wote wakawa na furaha kwa muda wa siku kama kumi na moja hivi.

Siku ya kumi na mbili Tunu akapigiwa simu.

"Shikamoo, somo."

Kidawa hakuitikia. "Tunu, ule wimbo mimi nilipewa na mama yangu, nikakupa wewe. Wewe umempa nani?"

Tunu akatoka nje na simu.

"Mjukuu wangu Siwema ameleta kitabu kutoka shule. Anakisoma barazani kwa sauti, shemeji zangu wanakunywa chai. Mara nasikia wimbo! Mmoja akaniuliza, shemeji, mbona umeshika kichwa?"

"Somo, nisamehe, mimi..."

"Harusi si inakuja? Mtafute mwenye kitabu akuingize ndani, akukalie, akufundishe. Mkono wangu mimi nimeutoa." Simu ikakatwa.

Kwa watu wa kwao Tunu, bibi harusi asiyekuwa na somo yake chumbani ni kama ameokotwa. Mama yake alipopata habari alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa khanga. Tunu akampigia Zubeir mara sita. Alikuwa darasani. Alipopiga yeye, sauti ilijaa sherehe.

"Mpenzi wangu, umekiona kitabu?"

"Ukurasa wa sitini na mbili, Zubeir."

"Huo ndio wanaousifia wote!"

"Nilikuambia usimwambie mtu."

"Sikumwambia mtu, mamaa. Jina lako sijalitaja popote."

Tunu akakata. Dakika tano hazijaisha, ukaingia ujumbe: *Nimelijua kosa langu. Toleo la pili nitaweka jina lako kwenye shukrani. Ukurasa mzima.*

Tunu alicheka kwa hasira mpaka Mama Elinipa akaacha wateja akaja kuchungulia.

"Anataka kunitangaza, mama! Eti ukurasa mzima!"

"Huyu si msomi huyu?"

"Ana digrii."

"Basi ndiyo maana."

Akambloki. Siku tisa. Ya kumi Zubeir akatokea mlangoni, shati halijapigwa pasi, anataka kupita mbele.

"Foleni, mwalimu!" Mama Elinipa akamfokea. "Hawa nao wana wachumba."

Akasimama nyuma ya watu saba. Alipofika mezani akainama. "Nilidhani umekasirika kwa sababu nimekuibia."

"Uniibie nini? Ungekuwa wangu ningekusamehe siku ileile. Si wangu, Zubeir. Na mimi niliazimwa tu."

Siku ile kwa mara ya kwanza Zubeir aliuliza swali lisilokuwa la kitabu. "Sasa nikamwombe nani?"

Wakaenda Vihingo kwa bodaboda. Kidawa alikuwa kwenye mkeka anamenya muhogo wa kuanika. Hakuwakaribisha.

"Shikamoo bibi," Zubeir akasema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemrubuni..."

"Hakunirubuni," Tunu akamkatisha. "Hata hakuniuliza. Niliimba mwenyewe, somo. Nilikuwa nimefurahi."

Kidawa akamgeukia Zubeir. "Vitabu viko vingapi?"

"Mia tatu, bibi. Arobaini viko shuleni, vingine bado vimo kwenye maboksi."

"Karatasi hiyo inatoka?"

"Bibi, hadithi itakatika. Hapo ndipo binti ana..."

Tunu akamkanyaga mguu.

"Inatoka, bibi."

Jumamosi tatu walikaa nyuma ya duka na rula na wembe. Vya shuleni Zubeir aliviomba kimoja kimoja, anawaeleza watoto kuna kosa la uchapaji.

"Mwali wangu anaingia ndani ukurasa wa sitini," akalalamika, "wa sitini na tatu ameshatoka. Nani ataelewa?"

"Wanawake wataelewa."

"Na wanaume?"

"Ninyi endeleeni kusoma. Kata vizuri, unapinda."

Akakata vizuri. Kisha akauliza, hamtazami, "Bado unanitaka?"

"Ningekuwa sikutaki ningeshinda hapa na wembe? Leta kingine."

Karatasi zote walizipeleka Vihingo kwenye kiroba. Kidawa akazitia motoni jikoni moja moja mpaka ya mwisho, akasema, "Harusini nitakuja."

Na alikuja. Doti mpya ya khanga, wanja machoni. Tunu alikuwa chumbani amefunikwa, akasikia wanawake wanamlaki, moyo ukamruka. Lakini Kidawa hakuingia. Alivuta kiti cha plastiki chini ya turubai, akakaa na wageni.

Kazi ya ndani akaifanya mama mdogo wa Tunu, anabahatisha, anawauliza wenzake, "Hapa tunafanyaje?" Wakafika kwenye wimbo. Wanawake wakatazamana, maana anayeuanzisha ni somo, na bibi harusi hajiimbii. Tunu aliyajua maneno yote, la kwanza mpaka la mwisho. Akafumba mdomo chini ya khanga, wanawake wakauruka wimbo, wakaendelea na linalofuata. Nje, upande wa pili wa ukuta, alimsikia Kidawa anamwambia mpakuaji apunguze pilau, imetosha, yeye ni mgeni tu.