Kushukia Kilele cha Tatu

Mvua ilikuwa imenyesha Kitengela usiku kucha, na kufikia saa nne asubuhi soko lote lilikuwa tope. Wachuuzi waliita wateja kwa sauti za kukwaruza, na wateja walitembea wakiwa wameshikilia nguo zao juu. Kaluki alikuwa amechuchumaa kando ya rundo la viatu vya mitumba, sketi yake nyeusi ya marinda ameikunja magotini, akitafuta gambuti la kushoto. La kulia alikuwa amelivaa tayari.

"Madam, hizo unapeleka shamba?" mtu aliyesimama karibu naye aliuliza.

"Napeleka nyumbani," Kaluki alijibu bila kuinua kichwa. "Kwetu Noonkopir mvua ikinyesha, lami ni hadithi."

"Na ni kiatu ndio kikubwa, ama ni mguu?"

Hapo aliinua kichwa. Alikuwa mwanamume mrefu, jaketi la buluu, kofia ya sufu, mkononi ameshika buti moja na kulikunja soli kama anayepima ubichi wa mua.

"Mguu ni wangu," Kaluki alisema. "Wewe unanunua ama unakagua miguu ya watu?"

"Nafanya zote mbili. Natafuta viatu vya kupanda vilima vya Ngong. Vilele vyote saba, siku moja, tunaanzia Ngong tutokee Kona Baridi. Mguu kama huo ungefika hata bila kiatu."

Sasa, mtu asidhani kwamba moyo wa Kaluki uliruka. Haukuruka. Moyo wa Kaluki ulikuwa haufanyi kitu tangu mwaka uliopita, mumewe Masila alipoondoka asubuhi kwenda kazini, akaanguka kwenye ngazi za ofisi, na akarudishwa kwao Mwala ndani ya sanduku. Kaluki hakulia kaburini. Hakulia baadaye. Alirudi kwenye duka la dawa za mifugo alikokuwa ameajiriwa, akaendelea kuuza dawa za kupe na za minyoo, na watu wakaanza kumshika kama yai. Walimpokonya mizigo mkononi. Walinyamaza akiingia. Jina la Masila lilitoweka midomoni mwao kana kwamba ni tusi. Kwa hiyo mtu mzima kusimama sokoni na kumcheka mguu lilikuwa jambo geni kabisa, naye alisimama palepale kulitazama.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

"Nalianya. Naishi hapa Kitengela, natengeneza lifti Nairobi. Wiki nzima napandisha watu juu, wikendi nataka nipande mwenyewe."

Kaluki akampa nambari ya simu. Hata yeye hakujua kwa nini.

Nalianya alianza kupiga simu Jumatatu, na hakuwa na adabu ya kungoja sababu.

"Mrembo wa gambuti, unaweza kubeba lita ngapi za maji mgongoni?"

"Mimi ni punda?"

"Punda hachagui. Wewe nakuuliza."

"Tatu."

"Muongo wewe. Mbili. Na chakula? Rafiki yangu Opiyo anataka tubebe mkate."

"Mkate utakuwa umekwisha kilele cha pili. Chemsha viazi vitamu na mayai. Na mwambie Opiyo huko juu kuna upepo, aache kuja na kaptura."

"Sasa ona. Wewe ndio unapanga hii safari, mimi napiga simu tu."

Na kweli alikuwa anaipanga. Ni yeye aliyempata mzee Simel, mteja wake wa dawa za kupe kutoka Kimuka, aliyekubali kuwaongoza kwa sababu mbuzi wake hulisha huko chini ya vilima. Ni yeye aliyesema watu wafanye mazoezi kwanza. Jioni baada ya jioni yeye na Nalianya walitembea kuelekea Isinya, magari yakiwapita, yeye na gambuti zake na mwenzake na buti zake za mtumba zilizokuwa zikilia kwii, kwii. Kaluki akichoka, Nalianya alimwacha nyuma. Alimwambia anatembea kama mtu anayedaiwa na barabara. Kaluki hakusikia furaha, tusidanganyane, lakini alianza kuangalia saa ikikaribia kumi na moja.

Ilikuwa kosa lake kumwalika Sheryl, jirani yake wa ploti moja. Sheryl ana moyo mzuri na mdomo mpana zaidi.

Mkutano wa mwisho wa kupanga ulifanyika kwenye hoteli moja ya nyama choma, Jumapili baada ya ibada. Kaluki alikuja na blauzi ya njano, ambayo hakuwa ameivaa muda mrefu. Nalianya alisimama alipomwona. Akamvutia kiti. Akampokea mkoba.

"Karibu, Kaluki," alisema. "Pole na jua."

Sauti ilikuwa imelainika mno. Kaluki alikaa, akaangalia kiti alichovutiwa, akangoja mzaha. Mzaha haukuja.

"Basi tumekubaliana," Nalianya aliwaambia wenzake. "Tunaanza Jumamosi mapema kabla jua halijawa kali. Mzee Simel mbele, Opiyo afunge nyuma asiachwe mtu. Na Kaluki atashukia kilele cha tatu. Kuna njia hapo, nitampangia bodaboda."

"Nani amesema nashukia cha tatu?"

"Ni vile tu sitaki uchoke, dear. Umepitia mengi."

Opiyo alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kuguguna mfupa. Sheryl aliangalia sahani ya kachumbari. Hapo Kaluki akajua wameambiwa kuhusu Masila, na akajua pia ni nani aliyesema.

"Asante," alisema. Akachukua mkoba wake, akatoka na blauzi yake ya njano, akapita katikati ya tope bila kuangalia anapokanyaga.

Alipofika nyumbani masikio yalikuwa moto. Alikaa kitandani, na ikamchukua kitambo kuelewa anaumwa na nini. Alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira kali ya kutaka kuvunja kitu, na ilimwingia kama mkono uliolaliwa unapoanza kuchomwachomwa sindano. Simu ikalia, jina la Nalianya likaja, akaiacha ilie. Ikalia tena kesho yake, na keshokutwa.

Sheryl alibisha mlango akiwa na uso wa kuomba radhi. "Nilidhani namsaidia kukuelewa, wangu. Hakuwa anajua."

"Hapo ndipo nilikuwa nampendea," Kaluki alisema, akashangaa kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Alhamisi alasiri Nalianya aliingia dukani. Alikuwa bado na ovaroli ya kazini, grisi kwenye viganja, macho ya mtu asiyelala. Mzee Simel alikuwa kaunta akichagua dawa, shuka lake jekundu begani.

"Sopa," Simel alimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee." Nalianya akageuka kwa Kaluki, na ile sauti laini ikarudi. "Kaluki, samahani. Sikujua. Kama ungeniambia, ningekuwa mwangalifu tangu mwanzo."

"Hiyo sauti umetoa wapi?"

"Sauti gani?"

"Ya kutembelea wagonjwa. Irudishe kwenye ulitoa."

Simel alichukua dawa yake, akawatazama wote wawili, akasema atarudi kwa chenji siku nyingine, akatoka.

Nalianya alisugua viganja vyake kwenye ovaroli. "Sasa nifanye nini? Nikikucheka ni vibaya. Nikikuhurumia ni vibaya."

"Niulize chenye unaogopa kuniuliza. Watu wote wananizunguka. Uliza."

Nje pikipiki zilipita. Kisha Nalianya akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ile mbaya ya sokoni:

"Bado unampenda?"

"Masila? Eeh. Bado."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

Lilikuwa swali la choyo. Kaluki alilisikia likitua juu ya kaunta kati yao, zito, la mtu anayejitakia chake. Tangu mazishi hakuna aliyetaka kitu kutoka kwake. Walimpa tu: sahani za chakula, maombi, viti.

"Sijui," alijibu. "Nafasi sijaiona. Sitakudanganya ati naiona. Lakini ile siku uliniambia nashukia kilele cha tatu, nilitaka kukupindulia meza. Sijataka kumpindulia mtu kitu tangu tumzike."

"Hiyo ni nzuri?"

"Kwangu ni nzuri sana."

Nalianya aliinamisha kichwa, na Kaluki akaona mabega yake yakishuka. "Basi nitakuudhi polepole. Sina haraka. Lakini usiniache kwenye simu tena, Kaluki. Hizo siku tatu nimekaa vibaya. Nimefunga nyaya za lifti moja, ikawa inapanda ukibonyeza chini."

Kaluki hakuhisi mapenzi yakimjaa kifuani vile watu husimulia. Kifua kilikuwa vilevile, kimekaa kimya. Alichosikia kilikuwa chini kidogo, tumboni, kitu cha kale chenye makelele, na ilibidi afikirie kabla hajakitambua. Mwaka mzima amekuwa akila kwa sababu saa imefika.

"Niko na njaa," alisema.

"Njaa?"

"Njaa, Nalianya. Nikamatie hilo kufuli."

Wakafunga duka jua likiwa bado juu, wakavuka barabara hadi kibanda cha chakula. Nalianya hakumvutia kiti. Alikaa kwanza, akachukua upande wa kivulini, akamwachia wa juani, na Kaluki akamsukuma hapo kivulini mpaka wakabanana benchi moja.

"Na Jumamosi?" Nalianya aliuliza.

"Natembea vilele vyote saba. Ukichoka utajishukia mwenyewe."

Ugali na matumbo vikaletwa, mvuke unapanda. Kaluki aliosha mikono, akamega tonge kubwa, akala bila kuzungumza hadi sahani ikabaki mchuzi. Kisha akamwita mwenye kibanda aongeze.