Alama ya Pasi

Kila Jumamosi, vyombo vya asubuhi vikishaoshwa, Bibi alitandika blanketi kuukuu juu ya meza ya sebuleni, akaita, "Chiriku, niletee makaa yaliyokolea."

Mjukuu wake alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliyatia makaa ndani ya pasi huku akisimulia ya shuleni, nani kagombana na nani, mwalimu kamwambia nani nini.

"Nyamaza kidogo, pasi nayo ipumue," Bibi alimtania.

Kabla ya kugusa kitambaa cha kanisa, Bibi alichukua kipande cha shati la marehemu mumewe, akapitisha pasi juu yake. Ilipopita pakibaki peupe, kazi inaanza. Pakibadilika rangi, pasi inawekwa kando ipoe. Kipande hicho kilikuwa kimejaa mabaka ya kahawia, na Bibi hakuwahi kukiruka, hata siku za haraka.

Kitambaa cha kanisa kilikuwa kirefu, cheupe, chenye maua ya uzi pembeni. Kilitandikwa juu ya madhabahu kila Jumapili. Bibi alianza kazi hiyo akiwa bi harusi, kanisa lenyewe likiwa kibanda cha mabati. Aliifanya akiwa mjamzito, aliifanya akiwa na mtoto mgongoni, na juma alilomzika mumewe aliifanya pia, akinyunyiza maji kwa mkono mmoja na kujifuta macho kwa mwingine. Alilea wanawe, akalea na wajukuu. Mgonjwa wa mtaa akikosa mtu wa kukaa naye, Bibi alikwenda na kigoda chake mwenyewe ili asisumbue watu kutafuta kiti.

Na kila jioni aliomba kwa sauti, akiwataja wote wa ukoo wake, kuanzia kifungua mimba mpaka mjukuu wa mwisho. Huyo wa mwisho alikuwa Chiriku. Alizoea kusubiri jina lake ndipo afumbe macho.

Jumamosi moja Bibi alipiga pasi nusu ya kitambaa, akahisi kizunguzungu. Aliketi kwenye kiti chake apumzike kidogo, na usingizi ukampitia. Chiriku alitoka uani akamkuta amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Alimwonea huruma. "Nitammalizia," alijiambia. "Akiamka akute kazi imekwisha."

Aliongeza makaa, akapuliza. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Shati la babu lilikuwa palepale pembeni ya meza, lakini aliona linamchelewesha. Akashusha pasi moja kwa moja juu ya kitambaa.

Harufu ilimfikia kabla ya moshi. Alipoinua pasi, alama yake ilibaki katikati ya weupe, kahawia, yenye ncha mbele kama mtumbwi.

Chiriku alikunja kitambaa haraka, alama ikabaki ndani, akarudisha pasi mahali pake, akatoka. Hakuruka kamba siku hiyo.

Bibi alipoamka aliona kitambaa kimekunjwa. "Kumbe nilimaliza," alisema, akacheka peke yake. "Uzee huu. Mtu unafanya kazi hujui."

Kesho yake, mbele ya waumini wote, kitambaa kilikunjuliwa. Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi. Bibi aliinuka taratibu, akishika benchi la mbele.

"Ni mimi," alisema. "Mnisamehe. Sikumbuki hata nilivyofanya."

Chiriku alikuwa ameketi ubavuni pake. Mdomo wake ulifunguka, kisha ukafungika.

Baada ya ibada, mwenyekiti wa akina mama alimshika Bibi mikono yote miwili. "Mama, umetumika vya kutosha. Sasa sisi watoto wako tutaifanya kazi hii." Alisema kwa upole wa kweli. Ila alipoondoka, alikuwa na ufunguo wa kabati la kanisa ambao Bibi aliuvaa shingoni miaka yote.

Nyumbani, Shangazi, binti mkubwa wa Bibi, alificha viberiti. "Mama, wewe na moto basi. Utatuunguzia nyumba."

"Sawa, mwanangu," Bibi alijibu.

Tangu hapo Bibi alianza kujichunguza. Alikuwa akiuliza, "Nimekunywa dawa?" Alikuwa akiuliza, "Leo siku gani?" hata pale alipoijua. Akisahau alipoweka miwani, kitu kinachomtokea kila mtu, alitikisa kichwa na kusema, "Mnaona?" Akaacha kwenda kwa wagonjwa, akiogopa kusema maneno yasiyo na mpango. Akaacha kula vizuri. Msimu wa mvua ulipoanza, alikuwa mtu wa kitandani.

Chiriku naye alinyamaza. "Wewe umemeza kufuli?" binamu yake alimchokoza. Kila asubuhi alijiambia atasema leo. Kila siku ilivyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu, maana sasa angeulizwa pia kwa nini hakusema jana.

Kilichomvunja moyo kabisa ni ukimya wa jioni. Bibi aliacha kuomba kwa sauti. Alilala akitazama dari, midomo imefungwa.

Alasiri moja Chiriku alimpelekea uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Bibi, mbona siku hizi hututaji?"

"Naogopa, mjukuu wangu. Kichwa hiki kimeharibika. Nikianza kuwataja nitamruka mtu, na nisijue nimemruka nani. Bora ninyamaze nisimdhulumu mmoja wenu."

Chiriku aliliweka bakuli chini.

"Bibi, kichwa chako ni kizima. Kile kitambaa nilikiunguza mimi. Ulikuwa umelala. Nilitaka kukumalizia kazi."

Mvua ilisikika juu ya bati. Bibi alimgeuzia uso.

"Shati la babu yako ulilijaribu?"

"Hapana, Bibi. Nilikuwa na haraka."

Bibi alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Nilijiuliza sana," alisema. "Nikasema, kama hata shati la mume wangu nimelisahau, basi nimebakiwa na nini?"

Shangazi alikuwa mlangoni na shuka mkononi. Alikuwa amesikia yote. "Mtoto wewe," alianza kwa ukali, kisha akakumbuka viberiti. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, na mimi nisamehe. Hata sikukuuliza."

Bibi aliinua mkono, ukamwangukia Chiriku kichwani.

"Sikiliza. Ulitaka nipumzike, na hilo nimeliona. Kuunguza ni ajali, hata mimi nimeunguza vingi, shati lile ni shahidi. Kitambaa tungekitia kiraka Jumatatu yake, yakaisha. Lakini uliniona ninajitafuta nisijipate, na ulijua nilipo, ukanyamaza. Kosa linalofichwa halikai pale ulipolificha. Linahamia kwa mtu mwingine, naye analibeba kama lake. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaumia kwa niaba yako."

"Nitasema kanisani, Bibi."

"Kaseme. Usiogope sana. Mimi nitakuwa nakuombea."

Jumapili Chiriku alisimama mahali palepale Bibi aliposimama, akasema yote. Hakuna aliyemzomea, na hilo lilimuuma zaidi. Mwenyekiti wa akina mama alilia waziwazi. Jioni alikuja na kitambaa na ufunguo, akaufunga ufunguo shingoni mwa Bibi kwa mikono yake. Chiriku alishona kiraka, Bibi akipapasa mishono kwa vidole na kusema, "Hapa umelegeza."

Usiku ulipoingia Bibi aliomba kwa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye kukatikakatika. Alianza na kifungua mimba, akashuka, walio hai na waliotangulia, hakumruka hata mmoja. Chiriku alisubiri jina lake. Likaja.

Lakini mwili uliokwisha kukata tamaa haukurudi nyuma. Bibi hakuinuka tena. Jumamosi chache Chiriku alipiga pasi sebuleni, na kutoka chumbani Bibi aliuliza, "Shati?" naye akajibu, "Nimejaribu, Bibi." Kabla mvua hazijaisha walimzika kando ya mumewe, na kitambaa chenye kiraka ndicho kilichofunika jeneza mpaka mlangoni mwa kanisa.

Jumamosi iliyofuata, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alitandika blanketi, akatia makaa, akachukua kipande cha shati. Pasi ilipita, pakabaki peupe. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna aliyeuliza.

"Nimejaribu, Bibi," alisema.