Aliyebisha Kwenye Toroli

Gurudumu moja lilikataa kabisa kukaa sawa. Mutinda, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Thika, alishinda akilipiga nyundo na kulitukana kwa Kikamba, lakini toroli lake la vifaa bado lilichechemea. Alilihitaji sana, maana mgongo ulikuwa umekwisha kwa kubeba mashine.

Ndipo mtu akabisha. Ngo, ngo, ngo, kwenye bati la toroli.

"Karibu, bwana, ingia!" Mutinda akafoka bila kugeuka. "Kwani mlango umefungwa?"

Hakuna aliyeingia.

Kuanzia hapo kazi ikawa mateso. Akichomelea kiungo, kinaachia. Akigeuka, ngo, ngo, ngo. Chini ya toroli kulituama maji ilhali mvua haikuwa imenyesha, na karakana ikanuka nguo zilizolowa. Wateja wakaanza kupita mbali.

Akaenda kumvaa Erastus, muuza vyuma chakavu aliyemuuzia bati la toroli.

"Ile bati ilikuwa geti," Erastus akasema. "Ya nyumba fulani ilibomolewa huko Ngoingwa."

"Na hukuniambia?"

"Uliuliza tu kama imeoza."

Bi Mwanarusi, mganga wa Majengo, alipoletwa hakuligusa toroli. Alilinusa, akarudi nyuma.

"Huyu amebisha getini miaka na miaka, hakuna wa kumfungulia," akanong'ona. "Nani alimwitikia?"

"Mimi. Lakini mama, niliongea tu, nilikuwa na hasira."

"Yeye hajui hasira zako. Umemkaribisha karakana, nyumbani bado. Mrudishe kwao, umuage kwa adabu. Na huko kwako, akibisha, asiitikiwe na mtu. Akiingia anapolala mtoto, mimi sina dawa."

Mutinda alikuwa na binti mchanga, Syokau. Lakini kurudi nyumbani kwanza kumweleza mkewe Wavinya, aulizwe hili na lile, hapana. Aondoe takataka hii kwanza, atamweleza baadaye.

Akalisukuma toroli mchana, jua likiwaka, na lile gurudumu lililomsumbua hivyo sasa likazunguka sawasawa kama linalojua njia, likapinda kona kabla hajalipinda, likamvuta yeye aliyedhani analisukuma, huku maji yakimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye bati kavu na kuchora mstari nyuma yao barabarani, naye akiogopa kuachilia na akiogopa kuendelea, hadi likasimama lenyewe katikati ya nguzo mbili zisizo na geti.

"Kwaheri, bwana," akasema. "Asante kwa kututembelea."

Hakukuwa na ngo wala nini. Akaliacha toroli hapo, akageuka akarudi mbio, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akajihisi mwepesi. Jasho tu lilimlowesha shati, ndivyo alivyojiambia kila alipoisikia ile harufu.

Wavinya alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Baba Syokau," akasema kwa sauti ya chini, "si ungenipigia simu kwamba tuna mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyo rafiki yako. Anasema alikuwa anakusindikiza, lakini unatembea polepole, akaamua kutangulia. Amelowa chepechepe, sijui mvua gani hiyo. Alibisha, nikamwambia karibu." Akapuliza chai ipoe. "Ako ndani. Amenishikia mtoto."