Nyumba Isiyonunua Kitu

Nyumbani kwa Mbuvi, karibu na soko la Matiliku, hakukununuliwa kitu ila chumvi, majani ya chai na kiberiti. Unga ulikuwa wa mtama wao. Mboga ilikuwa kunde. Sabuni alipika Ndinda, mkewe, kwa jivu na mafuta ya mbuzi. Chai ilitiwa asali, maana Mbuvi alikuwa na mizinga kumi na minne.

Mbuvi alikuwa karani wa stoo Mombasa kwa miaka ishirini. Akachoka na mji. Miaka tisa iliyopita alirudi nyumbani na methali moja mdomoni: "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Runinga akampa shemeji yake. Jiko la gesi akaliuza. Ndinda aliliona likifungwa nyuma ya boda boda, likaenda. Hakuna aliyemuuliza.

Kanisani akina mama walinong'ona. "Wale ni ngya," walisema. Kwa Kikamba, ngya ni maskini.

Mbuvi alicheka tu. "Ngya ni nani? Ghala langu limejaa. Wao wanakula unga wa duka. Njaa ikija, wanapanga foleni ya msaada. Mimi foleni siijui."

Na tusimwonee mtu, hapo alisema kweli. Mwaka ambao mvua ya Novemba ilikosekana, wale waliomcheka ndio waliokuja kupiga hodi, wakiomba mbegu ya mtama. Kula jasho lako si umaskini. Hata Ndinda alilijua hilo.

Lakini macho hayalimwi shambani.

Mwaka jana Ndinda alianza kuacha mawe kwenye ndengu. Siku moja Mbuvi akauma jiwe.

"Mama Musyoka, siku hizi unapika kokoto?"

"Jicho la kulia halioni vizuri. Naona kama kuna moshi."

"Hiyo ni kazi ndogo. Dawa tunayo. Asali."

Kila asubuhi akamdondoshea asali jichoni. Liliwasha kama pilipili. Wiki ya pili likavimba na kutoa usaha. Mbuvi akaongeza maji ya mwarobaini. Ndinda alipotaja hospitali, mumewe akanuna.

"Ndivyo watu wanaanza," alisema. "Leo dawa, kesho miwani, keshokutwa huwezi kuishi bila duka."

Mwezi haukuisha. Jicho la kulia likazima, likabaki jeupe. Ndinda akajifunza kumimina uji kwa kupapasa kikombe. Kisha moshi ule ule ukaanza kwenye jicho la kushoto, na hilo ndilo pekee lililobaki.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa juu. Mbuvi alikuwa ameshika kijiko cha asali. Geti likagongwa. Alikuwa Mwongeli, mhudumu wa afya wa kijiji. Mara tatu Mbuvi alikuwa amemrudisha kwa maneno hayo hayo: "Hapa hatuna shida, dada. Nenda kwa maskini." Siku hiyo Mwongeli aliingia bila kungoja.

"Habari ya asubuhi, mzee. Mama, hujambo? Kijiko hicho ni cha nini?"

"Ni dawa ya macho," Mbuvi akajibu.

Mwongeli aliliona lile jicho jeupe. Akaweka begi chini. Akamulika la kushoto kwa tochi ya simu.

"Mama, ukungu huu ulianza lini?"

"Tangu tulipovuna mbaazi."

"Inaonekana ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Mtu akizeeka, kioo hicho kinaweza kuingia ukungu. Ukungu uko ndani, mama. Asali inabaki nje. Hata umwage debe zima, haifiki."

"Babu zetu walitumia asali," Mbuvi akasema.

"Ndiyo, mzee. Na wengi walikufa vipofu. Asali na majani yanaingiza uchafu, jicho linapata vidonda. Naona hili la kulia liliharibiwa na vidonda."

Ndinda akageuza uso. "Kwani lingepona?"

Mwongeli akazima tochi. "Daktari anatoa kioo kilicho na ukungu, anaweka kingine. Ni upasuaji mdogo. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hili la kushoto bado tunaweza kuliwahi. La kulia, sidhani."

Hasira ilimpanda Ndinda. Jicho zima, limekufa bure.

"Sisi tulichagua kujitegemea," Mbuvi akasema. "Sasa unakuja kutuita maskini?"

"Sijasema hivyo. Ukila mtama wako ilhali mchele ungeweza kuununua, hiyo ni hiari yako. Maskini anahitaji kitu na hana njia ya kukipata. Wewe una mbuzi ishirini bomani, mzee. Mama amepoteza jicho kama mtu asiye na hata kuku."

"Tulichagua," Mbuvi akarudia, sauti imeshuka.

"Wewe ulichagua," Ndinda akasema. "Mimi nilichaguliwa. Wewe unaita kujitegemea. Mimi ndiye ninasaga. Mimi ndiye nabeba maji kutoka mtoni. Wewe si maskini, Baba Musyoka. Maskini wa nyumba hii ni mimi."

Mbuvi alikitazama kijiko alichoshika.

"Ondoa hicho kijiko," mkewe akamwambia. "Mwongeli, nipeleke hospitali."

Jicho la kushoto likapasuliwa wiki hiyo. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Ndinda aliona dirisha, akaona mti nje, akaona majani yake moja moja. La kulia, daktari alitikisa kichwa.

Bado wanakula mtama wao. Lakini sasa unasagwa kwenye mashine ya Matiliku. Mbuzi wanne waliuzwa, paa likawekwa mifereji, na tangi la maji liko mlangoni. Mbuvi mwenyewe huwaambia watu sokoni: asali ni ya mdomo, jicho ni la daktari. Akiulizwa amejuaje, huinamisha kichwa.

Mbuzi wa tano alipouzwa, Mbuvi alikuja jikoni, akakaa.

"Mama Musyoka, wewe unataka tununue nini?"

Ndinda alifungua mdomo. Akafikiria jiko. Akafikiria viatu. Hakuna hata kimoja alichokuwa na hakika nacho. Miaka tisa hakuna aliyemuuliza, na kutaka kwenyewe kulikuwa kumemtoka. Uchungu ukamjaa, jicho lake moja likatoa machozi.

"Sijui," akasema. "Niulize tena kesho. Na keshokutwa uniulize tena."