Marehemu Atazame Kamera

YAHUSU: OMBI LA KUFUNGA AKAUNTI YA MTUMIAJI ASIYETUMIKA

Hilo ndilo jina ambalo kampuni ya mtandao wa kijamii ililipatia jambo letu. Mtumiaji asiyetumika alikuwa mama yangu mzazi, na sababu ya kutotumika ni kwamba tulikuwa tumemzika mwezi wa nne.

Nimekaa katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo hapa Embu mpaka nywele zikaanza kuniaga, kwa hivyo majina ya kipumbavu ya mambo mazito hayanishtui. Serikali ina ya kwake. Lakini serikali, ukiiletea cheti cha kifo chenye muhuri, inakubali kwamba mtu amekufa. Wakati mwingine inakubali hata kabla hajafa. Kampuni hii haikukubali.

Ijumaa moja dada yangu Purity alinipigia akaniomba nipitie kwake Manyatta nikitoka kazini. Nilete mkate, na nifike kabla ya giza. Hakusema kwa nini. Nilishuka stejini jua limeshazama, ukungu unateremka kutoka msituni, moshi wa kuni umelala juu ya majani chai. Jioni ya kawaida kabisa. Mbwa wa jirani alinibwekea kama anavyonibwekea siku zote, bila kumaanisha.

Nilimkuta Purity jikoni. Simu yake ilikuwa ndani ya sufuria, sufuria imefunikwa, na juu ya kifuniko ameweka jiwe.

"Unapika simu?" nikamuuliza.

Hakucheka.

"Mama anapiga," akasema.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume; Purity hakuolewa, kwa hivyo binti yake alipewa la mama yetu: Gladwell Wamuyu, jina lote, la kanisani na la nyumbani. Na jina hilo si la ukumbusho. Linamrudisha mtu. Purity alimwita binti yake Mami. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi, nilikuwa naomba ruhusa ya kuondoka kwa mtoto wa gredi ya pili, naye ananipa. Mama mwenyewe alikuwa akimpakata mbele ya wageni na kusema, "Huyu ni mimi." Watu walicheka. Ni mzaha wa kila boma.

Akaunti ilifunguliwa ili mama awe kwenye kikundi cha kwaya. Masharti yalikuwa marefu kuliko Kitabu cha Mambo ya Walawi, na kwa Kiingereza. Mama alibonyeza "Nakubali" kwa kidole chenye utomvu wa ndizi.

Alikubali nini? Hakuna anayejua. Hata mimi nilikubali.

Zamani mchawi alikuwa anahangaika, maskini. Alihitaji ukucha wako, unywele wako, mchanga wa unyayo wako. Ilibidi aje gizani, anainama, anaogopa mbwa. Siku hizi tunampelekea wenyewe: uso, sauti, kidole gumba, na mahali tunapolala. Na bando tunanunua sisi. Siku ya matanga, tukiwa bado tunalia, simu ya Purity ilimletea tangazo la majeneza ya bei nafuu. Haikuwa imeulizwa. Ilikuwa mezani tu, inasikiliza.

Kisha, mwezi mmoja baadaye, giza lilipokuwa linaingia, akaunti ya mama ikapiga simu ya video. Na jioni iliyofuata. Na iliyofuata.

Purity alibadilisha laini, ikapiga. Alifuta programu, ikajirudisha, ikamshukuru kwa kurudi. Mchungaji alikuja kuombea ile simu, ikapiga katikati ya maombi, naye akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea. Simu ilipelekwa mpaka kwa mganga mmoja wa kule chini, kwenye joto la Mbeere. Mzee aliishika simu kwa vidole viwili, akairudisha, akasema yeye hafanyi mambo ya kompyuta. Ndiye mtu pekee katika kisa hiki aliyejua mipaka ya ofisi yake.

Yote hayo Purity angevumilia. Shida ilikuwa mtoto.

"Haniulizii mimi," alininong'oneza. "Anamuulizia Mami. Na Mami ameanza kwenda."

Mara ya kwanza alimkuta mtoto kwenye ua. Mara ya pili, katikati ya majani chai. Juzi alimkuta kule chini kabisa, katika jiko la mama, lile la mabati ambalo halijawashwa moto tangu mazishi. Alikuwa ameketi gizani kwenye kigoda, mikono imeelekezwa kwenye mawe ya jiko, kama mtu anayeota moto.

Hakukuwa na moto.

"Nikimpoteza huyu, Njuki..." Purity hakumaliza.

Ndipo sufuria ikaanza kutetemeka.

Kifuniko kiligonga. Jiwe likateleza, likaanguka. Nikasikia miguu midogo nyuma yangu. Mtoto alikuwa mlangoni, na sare za shule, ananitazama bila kunisalimia.

Nilifunua. Sikutaka, lakini nilifunua.

Kioo kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi kulikuwa na uso. Mama. Kitambaa chake cha kichwani, kile cha bluu. Nyuma yake, mabati yaliyoshika masizi. Alikohoa... kile kikohozi chake cha moshi, kirefu, kinachoishia na kuguna.

"Mami ako wapi?"

Midomo yake ilikuwa inachelewa, sauti inatangulia.

"Mwambie akuje. Huku ni baridi."

Papo hapo kioo kikabadilika rangi na mwanamke mwenye meno mengi akanitangazia blanketi. Siwezi kueleza dharau niliyohisi. Walikuwa wamemsikia maiti akilalamika baridi, na wakaona soko.

Nilikata. Purity alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu, na mtoto alikuwa anamvuta, kwa upole, kuelekea mlangoni.

Basi tukaamua kuifunga akaunti jioni ile ile. Mimi ni mtu wa ofisi. Naamini kila mlango una kaunta yake. Kaunta ya kampuni ilikuwa roboti aitwaye Tumaini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimeletwa kwa meli kikavunjikia njiani. "Habari mpenzi mtumiaji! Tunasikitika kusikia umekufa," akaniandikia. Nikamweleza si mimi. Nikapiga picha cheti cha kifo, ambacho niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikamtumia. Akajibu kwamba picha ile haionyeshi uso. Nikamwambia cheti cha kifo hakina uso, ndiyo maana ya kufa. Akaniuliza kama nimeridhika na huduma.

Mwisho akatoa uamuzi. Akaunti hufungwa na mwenyewe tu. Mwenyewe atazame kamera, moja kwa moja, si picha. Na kwa usalama wake afanye hivyo mahali anapotumia simu kwa kawaida.

"Mahali gani?" Purity akauliza.

Ramani ilikuwa inaonyesha kinukta cha bluu. Jiko la mama.

Purity akamtazama binti yake, na nikajua anachofikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria.

"Ana macho yake," akasema. "Kila mtu anasema."

"Mashine haitakubali. Huyu ni mtoto."

"Si ni Gladwell? Si hata mama alisema ni yeye? Tunadanganya nani?"

Mtu wa Nairobi asingewaza hivyo. Angetafuta wakili. Lakini sisi tumemwita yule mtoto mama tangu akiwa kwenye nepi. Ulimi ulikuwa umezoea. Nikasema tujaribu. Mashine ikikataa, tumepoteza nini?

Tulishuka katikati ya majani chai, Purity amemshika mtoto mkono mmoja, mimi na simu mbele. Mtoto hakuhitaji kuvutwa. Alitutangulia.

Jiko lilikuwa na harufu ya majivu na panya. Mtoto akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa. Nikamwelekezea simu. Duara jeupe likatokea kumzunguka uso.

Geuza uso kushoto.

Akageuza.

Geuza uso kulia. Pepesa macho. Tabasamu.

Akatabasamu. Mtoto yule alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele wiki ile. Kwenye kioo, yalikuwapo.

Nilitaka kuiangusha simu. Duara likawa la kijani.

Tamka jina lako kamili.

"Gladwell Wamuyu." Sauti yake ndogo, ya shule.

Tamka tarehe yako ya kuzaliwa.

Hapa nilijua tumeshindwa, na nikiri kwamba nilifurahi. Mama hakuwa na tarehe. Wakati wa kumtafutia kitambulisho tulibahatisha. Kila alipoulizwa amezaliwa lini alikuwa anatoa jibu moja, kwa Kiembu, ambalo halikuwahi kuingia katika karatasi yoyote.

Mtoto alikohoa.

Kikohozi kirefu. Kikaishia na kuguna.

Kisha akajibu, kwa Kiembu cha wazee, kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, wakati mama yake alipokuwa anapiga debe shambani kuwafukuza.

Asante, Gladwell. Tumekuthibitisha.

Jiko likajaa harufu ya ugoro. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na ugoro ulikuwa siri yake. Hata Purity hakuujua, mimi ndiye niliyekuwa namnunulia. Mtoto aliinama, akapitisha mkono nyuma ya jiwe la jiko, akatoa kikopo. Akakigonga mara mbili kwa ukucha. Akavuta pua hii, akavuta ile. Akafuta machozi kwa kiganja.

"Mami?" Purity akanong'ona. "Mami, wacha hiyo..."

Simu ilikuwa bado inaandika. Nimeyahifadhi kichwani maneno yale kwa sababu kwingineko hayapo tena.

Tumegundua wasifu mbili zenye uso mmoja. Hii ni kinyume cha kanuni za jumuiya yetu. Uliotangulia umebaki. Uliofuata umeondolewa.

Purity alininyang'anya simu akaanza kutafuta picha. Ya ubatizo. Ya siku ya kwanza shuleni. Ya keki. Katika kila moja kulikuwa na gauni, viatu, kivuli cha mti, na mikono ya watu wazima imeshika hewa.

Yule aliyekuwa kwenye kigoda akainuka polepole, akijishika kiuno.

"Wewe Njuki," akaniambia. "Hata kuni hukunikatia."

Mtoto yule hakuwahi kuniita jina langu. Alikuwa ananiita anko.

Akaunti haijapiga tena. Nilimwandikia Tumaini. Akajibu kwamba suala letu limetatuliwa na ningependa kuwapa nyota ngapi. Niliwaandikia wakubwa wake, kwa Kiingereza, kwa mtindo wa barua za serikali ambao huwa unaogopesha watu. Nikaletewa tangazo la karatasi. Murungi, fundi wa simu pale mjini, alinisikiliza vizuri. Alisema kampuni hizo sasa zinaweza kumtengeneza mtu kutokana na video zake za zamani, sura na sauti, ili ndugu zake waendelee kuangalia matangazo. Na watoto huiga wanachokiona. Picha kuharibika ni jambo la kawaida. Alieleza kwa utaratibu sana, nami nilitaka kumwamini. Kisha nikamuuliza kuhusu nzige, na kuhusu kikopo. Akasema hayo aulizwe mtu mwingine.

Shuleni mwalimu Mutegi anasema hana malalamiko ya nidhamu, ila msichana anasinzia, anashika penseli kama jembe, na alimwambia yeye mwalimu akamsalimie babu yake, ambaye alifariki kabla ya mwalimu kuzaliwa. Nyumbani anaamka kabla ya jogoo. Anawasha moto. Majani chai ya Purity hayajawahi kuchumwa vizuri namna ile. Majirani wanapita wanasema, kwa mzaha, kwamba mzee amerudi kazini, na yeye anawacheka kwa meno yale mawili ambayo yameshaota. Yameota ya manjano.

Purity hawezi kumfukuza. Utamfukuza nani, mama yako au mtoto wako? Anampa chakula, anamsalimia kwa heshima, halali naye chumba kimoja.

Jioni Purity anachukua simu, anawasha kamera, anatembea katikati ya majani chai ameinyoosha mbele. Hatafuti mtandao. Anangoja kale kaduara ambako kamera huchora yenyewe ikiona uso. Nimewahi kumfuata. Tulipofika karibu na jiko la chini, kaduara kalitokea. Kwenye majani matupu. Chini, kwa kimo cha mtoto wa gredi ya pili. Kalitetemeka kidogo, kama kanayemzunguka ametikisa kichwa, kisha kakazimika.

Kwenye kumbukumbu za kampuni jambo hili limefungwa. Ofisini kwangu siwezi hata kulifungua, maana sina cheti cha kuliandikia: hakuna maiti, na aliye hai ana cheti cha kifo. Kwa hivyo naliandika hapa, bila muhuri. Tulimpeleka mtoto katika jiko la marehemu, tukaiambia mashine kwamba yeye ndiye marehemu, na tuliyetoka naye siye tuliyeingia naye.