Majivu Shambani

Kila asubuhi Tryphena alizoa majivu jikoni, akayatia kwenye karai, akaenda kuyamwaga kwenye mistari ya maharagwe. Kwao Werugha, milimani, majivu ndiyo dawa ya shamba. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia. Mwaka wa 1974, yeye na mumewe Thadeus walipohamia Mahoo, huku bondeni, desturi hiyo alikuja nayo.

Lakini maharagwe ya Mahoo hayakuwa na shukrani. Yaliota, majani yakaungua pembeni, yakafa. Juu ya udongo palitanda ukoko mweupe. Tryphena akaongeza majivu. Jioni akanyunyiza maji kidogo kidogo. Maharagwe yakafa tena.

"Mama Mable," Thadeus alisema, "yakifa mara ya tatu, tunarudi Werugha. Tutalima kwa ndugu zangu."

Tryphena hakutaka kurudi. Shamba la shemeji zake lilikuwa dogo, na ugomvi wa mpaka haukuisha. Hapa walikuwa na ekari mbili zao wenyewe.

Kesho yake alimwita bwana shamba. Bwana Maundu akaja na baiskeli yake. Alichota ukoko ule kwa kidole, akaulamba.

"Onja, mama."

Tryphena akaonja, akakunja uso. "Chumvi!"

"Chumvi hasa. Inapanda na maji kutoka chini. Jua likikausha maji, chumvi inabaki juu. Mizizi inashindwa kunywa. Mmea unakufa kwa kiu na udongo umelowa."

"Basi niongeze majivu?"

Maundu alicheka mpaka akashika baiskeli isianguke. "Mama, zamani nyanya zetu walichuja majivu wapate nini?"

"Chumvi ya mboga," Tryphena alijibu. Akashika mdomo. "Jamani! Kumbe nimekuwa nikiliunga shamba kama mboga!"

"Udongo wa milimani ni mchachu, majivu yanaufaa. Huu wa hapa yanauharibu. Yamwage chooni. Kisha chimbeni mfereji wa kutoa maji, halafu mjaze shamba maji mengi kwa mara moja."

"Maji yote hayo yapotee?" Thadeus aliuliza.

"Baba Mable, nguo yenye sabuni unaisuuza kwa matone? Maji mengi yanashuka na chumvi. Lakini bila mfereji yatatuama, na chumvi itarudi."

Walichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walisuuza shamba mara tatu. Wakatia samadi, wakatandaza nyasi kavu ili jua lisikaushe udongo. Msimu wa kwanza walipanda pamba, kwa kuwa inavumilia chumvi kuliko maharagwe.

Msimu uliofuata wakarudi kwa maharagwe. Tryphena aliyakagua kila alfajiri kama mtoto mgonjwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Majani yalikuwa kijani mpaka pembeni. Walivuna magunia manne, na Tryphena akaimba njia nzima.

Wiki ile ile Thadeus alianza kufyatua matofali ya nyumba ya kudumu.

"Mama Mable, mlango wa nyumba utazame wapi?"

"Utazame shambani, niwe naona maharagwe yangu."

"Yako?"

"Haya, yetu. Fyatua matofali, Baba Mable!"